Dakika Tatu za Marlys Hruska

Jumanne ya pili ya mwezi Machi, Alvina Hruska alikuwa ameshapiga deki jikoni na anakata tambi mezani kwa kisu, mlango wa nyuma ukafunguliwa, binti yake Marlys akaingia. Marlys alikuwa amekufa miaka kumi na moja iliyopita. Umri wake ulikuwa uleule, miaka kumi na tisa, na alivaa lile koti la kijivu walilomwopoa nalo kwenye mfereji wa kumwagilia mahindi. Nywele zake zilikuwa bado zinachuruzika maji.

"Vua viatu," Alvina akamwambia. "Sakafu haijakauka."

Marlys akavua viatu na kuviweka juu ya gazeti karibu na jiko. Akaketi kwenye kiti chake cha siku zote. Alvina akamalizia tambi, maana unga uliokwisha kukandwa hausubiri, kisha akanawa mikono na kumletea taulo. Taulo likalowa. Akaleta la pili. Lilipolowa la nne akaelewa kwamba maji yale hayakauki, akasukuma karai chini ya kiti.

"Umekula?"

"Siku hizi sili, mama. Lakini nimiminie kahawa niisikie harufu."

Alvina akammiminia. Marlys akakishika kikombe kwa mikono miwili, akainama juu ya mvuke.

"Nimekuja kwa jambo moja," akasema. "Yule mliyemfunga siye."

"Nani?"

"Lucius Tabb. Mimi hata simfahamu. Aliyeniua ni Wendell Praeger."

Alvina akavuta kiti, akakaa. Wendell Praeger alikuwa fundi wa pampu za maji wa kaunti nzima, na kila Jumapili ndiye aliyepitisha kikapu cha sadaka kanisani. Ni yeye aliyeiambia mahakama kwamba jioni ile aliliona gari la Tabb limeegeshwa kando ya mfereji. Tabb alikuwa fundi wa maghala ya nafaka, mtu mweusi aliyekuja kwao kwa kazi ya wiki tatu, na wale watu kumi na wawili waliokaa kuamua kesi yake walimtia hatiani kwa dakika arobaini. Tangu hapo, kila ilipofika tarehe ya msiba, Wendell alimletea Alvina paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, akaketi naye jikoni humo, akamsifia kahawa. Paja la mwaka huo lilikuwa bado kwenye friji.

"Miaka kumi na moja, Marlys. Mbona hukuja kusema?"

"Nilidhani mnajua," Marlys akasema. "Juzi wamemzika mzee mmoja jirani yangu, alikuwa katika wale kumi na wawili. Ndiye aliyeniambia kwamba Tabb bado yuko gerezani anasubiri kuuawa. Nikasema basi niamke."

Alvina hakupika tambi siku hiyo. Alikaa akiiangalia mikono yake. Kwa mikono hiyo alikuwa ameiandikia bodi ya msamaha barua moja kila mwaka, akiisihi isimhurumie Lucius Tabb. Na kila bunge la jimbo lilipoletewa hoja ya kufuta adhabu ya kifo, alipanda basi la asubuhi kwenda mji mkuu, picha ya Marlys kifuani, na kuwaambia maseneta kwamba halali usingizi mpaka mtu yule afe. Magazeti yalimwita Mama Marlys. Kura zilipohesabiwa, hoja ilianguka, na maseneta wakaja kumshika mkono.

Kesho yake mama na binti walikwenda kwa mwendesha mashtaka wa kaunti, Gerhard Loomis. Kesi ya Tabb ndiyo iliyompa Loomis jina. Aliwakaribisha vizuri, akasogeza mafaili yake mbali na maji, akamsikiliza Marlys mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Pole sana, binti," akasema. "Lakini ushahidi mpya hupokelewa ndani ya miaka mitatu tangu hukumu. Wewe umekuja mwaka wa kumi na moja."

"Nilikuwa makaburini."

"Nakuelewa. Sheria haikutaja makaburi."

"Na Wendell je?" Alvina akauliza. "Hata kumwita umuulize?"

"Nimwite kwa lipi, Bi Hruska? Kifo hiki tayari kina mtu wake. Siwezi kumshitaki mtu wa pili kwa kifo kimoja mpaka mahakama iseme ilikosea kwa yule wa kwanza."

"Si mimi ninasema ilikosea?" Marlys akasema.

"Wewe unasema, ndiyo. Ila umechelewa."

Akainuka kuwafungulia mlango. Walipokuwa kwenye ngazi walimsikia akimwita katibu wake alete kitambaa.

Jumapili Marlys alikwenda kanisani na mama yake, wakakaa safu ya tatu. Watu walimsalimia. Bi Kubicek, aliyeketi kando yao, alisema koti lile bado linampendeza, kisha akahamia safu ya nyuma kwa ajili ya miguu yake inayosumbuliwa na baridi. Wendell Praeger alipofika kwao na kikapu, alisimama.

"Karibu tena, Marlys. Hujabadilika hata kidogo."

"Uliniua, Wendell."

"Hayo ni ya zamani, binti," Wendell akasema kwa sauti ya upole. "Tumwachie Mungu." Akasogeza kikapu safu iliyofuata. Watu wakafungua vitabu vya nyimbo kwenye ukurasa uliotajwa, wakaimba beti zote nne.

Alvina aliporudi nyumbani alilitoa lile paja la nguruwe kwenye friji na kuwatupia mbwa. Mbwa walilila lote.

Gereza lilikuwa mwendo wa saa tatu kwa gari. Alvina alioka kolache, vile vimkate vitamu vya kujazwa plamu, akazifunga kwenye kitambaa cha vyombo, na askari wa mlangoni akazivunja moja moja kutafuta kisu. Lucius Tabb aliletwa amefungwa minyororo miguuni. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mvi zimeanza juu ya masikio. Alimtazama Alvina kupitia kioo, akachukua simu ya ukutani.

"Bi Hruska," akasema. "Miaka kumi na moja nakuona kwenye televisheni ukiomba nife. Kumbe u mfupi hivi."

Alvina alikuwa ameandaa maneno tangu nyumbani. Yote yalimpotea. "Nilikosea," akasema. "Naomba unisamehe."

Lucius akaihamishia simu sikio la pili. "Nimekusikia. Niache kwanza nifikirie. Hilo si la kujibiwa hapohapo."

Kisha akamwangalia Marlys, aliyesimama nyuma ya mama yake juu ya kidimbwi chake. Alvina akampisha kwenye simu.

"Kwa hiyo wewe ndiye Marlys."

"Ndiye."

"Hatujawahi kuonana."

"Hapana."

"Mimi nilikuwa nakuota," Lucius akasema. "Picha yako waliibandika mbele yangu mahakamani siku sita mfululizo. Nikawa nakuuliza kwenye ndoto, dada, nani amekufanya hivi? Hunijibu. Unanitazama tu kama mtu aliyepotea njia."

"Ni Wendell Praeger. Fundi wa pampu."

"Yule mwenye kofia ya kijani? Aliyesema ameliona gari langu?" Lucius akacheka kidogo, cheko kavu. "Alikuja ghalani siku moja kabla, akaazima spana yangu. Hajanirudishia mpaka leo."

Mwezi wa Aprili kamati ya Seneti ilikaa kusikiliza hoja ya kubadilisha katiba ya jimbo. Ilikuwa sentensi moja: Jimbo halitamuua mtu yeyote kama adhabu. Ikipita bungeni, ingepelekwa kwa wapiga kura mwezi Novemba. Aliyeileta ni Seneta Burdette Coyle, mkulima mrefu mwenye mabega yaliyoinama, na alikuwa ameileta mara nane kabla ya hapo. Mlangoni karani alikuwa na daftari lenye safu mbili.

"Bi Hruska, unapinga kama kawaida?"

"Safari hii naunga mkono."

Karani akafuta, akaandika upande wa pili. "Na binti?"

"Naunga mkono."

"Unawakilisha chama gani?"

"Sina chama. Najiwakilisha mwenyewe."

Kila shahidi alipewa dakika tatu. Mezani palikuwa na taa ndogo: kijani ya kuanza, njano ya kujiandaa, nyekundu ya kunyamaza. Marlys aliapa kwa mkono juu ya Biblia, na mhudumu wa bunge akaifuta Biblia kwa leso. Mwenyekiti akamwomba asiinamie sana kipaza sauti kwa sababu ya maji.

Marlys alieleza kwamba alikuwa anarudi kutoka kazini kwenye duka la dawa. Wendell Praeger akasimamisha gari na kusema atamfikisha nyumbani, njia ni moja. Alisema alipanda kwa kuwa alimjua tangu utotoni, ndiye aliyewatengenezea pampu. Alieleza lililotokea kando ya mfereji kwa maneno machache, bila kupandisha sauti, mama yake ameketi nyuma yake akisikia kwa mara ya kwanza. Alvina aliubana mkoba wake mpaka kifungo kikang'oka. Taa ilipogeuka njano Marlys alikuwa amefika pale ambapo maji yaliingia masikioni.

"Kwa hiyo mnayetaka kumuua kwa ajili yangu," akasema, "hakuwepo. Na hata yule aliyekuwepo sitaki mumuue. Nataka tu aambiwe kwamba ni yeye. Nataka mtu mmoja mwenye cheo asimame mbele yake na..."

Taa ikawa nyekundu.

"Asante sana, muda wako umekwisha," mwenyekiti akasema. "Kuna swali lolote?"

Hakukuwa na swali. Hoja ikapita kwa kura tano dhidi ya tatu, na mhudumu akaleta ndoo.

Seneta Coyle aliwakuta ukumbini. "Marlys, umetupatia kura mbili ambazo sijawahi kuzipata maishani mwangu," akasema. Kisha akamgeukia Alvina, na sauti yake ikashuka. "Kuna sentensi ya pili imeongezwa."

Akampa karatasi. Alvina akasoma. Sentensi ya pili ilisema kwamba ile ya kwanza itaanza kazi tarehe mosi Januari, na haitagusa hukumu zilizotolewa kabla ya siku hiyo.

"Na Lucius?"

Coyle akaangalia viatu vyake. "Bila hiyo sentensi sina hoja, Bi Hruska. Wenzangu wa vijijini wanasema watu wao hawawezi kukubali aachiwe mtu aliyemuua Marlys."

"Marlys si huyu hapa?"

"Najua. Nimemsalimia."

Bunge likapitisha sentensi zote mbili, na hoja ikaenda kwa wapiga kura. Majira ya joto ya mwaka ule hayakuwa na mvua. Alvina na Marlys walizunguka kaunti baada ya kaunti kwenye gari lao aina ya pikapu, wakazungumza katika kumbi za makanisa na kwenye minada ya ng'ombe. Mahali pengi wakulima waliwasikiliza wamekunja mikono, kisha mmoja wao akamuuliza Marlys kwa adabu kama anaweza kutembea kidogo kati ya mistari ya maharage. Akatembea. Maharage yakainuka. Walimshukuru sana kwa maji, na kuhusu kura wakasema watafikiria.

"Unawasaidia ya nini hawa?" Alvina akamuuliza wakiwa barabarani.

"Maharage yana kosa gani, mama?"

Novemba badiliko la katiba lilipita, asilimia hamsini na moja kwa arobaini na tisa. Katika hoteli moja ya mji mkuu watu walilia na kukumbatiana, na Seneta Coyle akakaa kwenye ngazi, akavua miwani na kuufunika uso. Gavana alitangaza kwamba jimbo limefungua ukurasa mpya. Wiki hiyohiyo mahakama ilipanga tarehe ya Lucius Tabb: kumi na mbili Desemba, saa nne asubuhi. Kutoka hapo hadi mosi Januari ni siku ishirini.

Iliyobaki ni bodi ya msamaha. Watu watatu, meza ndefu. Alvina alisimama mbele yao na barua mpya, akaisoma mwenyewe, akaomba Lucius Tabb asiuawe kwa kuwa hana hatia. Mkuu wa bodi akafungua faili, akatoa barua nyingine, akazipanga mezani kama mtu anayepanga karata.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Hapa unasema huyu ni mnyama. Hapa unasema kila siku anayopumua ni tusi kwa binti yako. Ziko kumi na moja, Bi Hruska. Tunapaswa kuheshimu hisia za familia ya marehemu, na tumezipima kwa uzito. Kumi na moja dhidi ya moja."

"Marehemu mwenyewe yuko hapa. Muulizeni."

"Marehemu si familia," mkuu wa bodi akasema, na akafunga faili.

Tarehe kumi na mbili theluji nyepesi ilikuwa inaanguka. Sheria iliwapa ndugu wa marehemu viti sita nyuma ya kioo. Naibu mkuu wa gereza alisimama mlangoni na orodha.

"Uhusiano na marehemu?"

"Mama yake."

"Na wewe?"

"Ndiye mimi," Marlys akasema.

Naibu akafikiri kidogo, akaandika: mwenyewe.

Wendell Praeger alikuwa amekwisha kuketi safu ya pili, kofia juu ya magoti. Aliomba kiti kama rafiki wa familia, na kwa kuwa viti vilikuwa vinabaki, akapewa. Aliinuka nusu kumsalimia Alvina. Alvina akapita, akaketi safu ya mbele na Marlys. Askari wawili wakatandika mataulo chini ya kioo kuzuia maji ya Marlys yasifike kule kwenye kiti cha umeme. Walisema ni kwa ajili ya usalama.

Lucius aliletwa amenyolewa kichwa. Walipomfunga mikanda, mkuu wa gereza akamuuliza kama ana neno.

"Namshukuru Marlys kwa kuja," Lucius akasema. "Bwana mwenye kofia, umesahau spana yangu."

Wendell akaitazama kofia yake. Alvina akaushika mkono wa binti yake, uliokuwa baridi kama bomba la nje wakati wa baridi kali, na akajilazimisha asifumbe macho, kwa sababu jambo hili aliliomba yeye kwa miaka kumi na moja na aliona hana haki ya kutolitazama. Lilichukua dakika nne. Baadaye, kwenye maegesho, Wendell alifuta theluji kwenye kioo cha gari lake, akaenda kutengeneza pampu ya mtu.

Hakuna ndugu aliyejitokeza kuuchukua mwili. Alvina akatia sahihi, na Lucius akazikwa kwenye makaburi ya akina Hruska, upande wa kushoto wa Marlys. Mchungaji aliomba kwa ufupi kwa sababu ya upepo. Tarehe mosi Januari adhabu ya kifo ikakoma katika jimbo, na adhuhuri kengele zikapigwa katika miji kadhaa.

Lucius alikuja Alhamisi ya katikati ya mwezi. Alibisha hodi mlango wa mbele, kama mgeni. Kichwa kilikuwa bado kipara, na suruali ya gereza ilikuwa imekatwa mguu mmoja, pale walipofunga waya wa umeme.

"Marlys amesema hapa kuna kahawa ya kunusa," akasema.

Alvina akampa kiti karibu na jiko. Akamletea soksi za marehemu mumewe kwa ajili ya ule mguu.

"Bado naifikiria ile samahani yako," Lucius akamwambia. "Usidhani nimeisahau."

"Fikiria tu," Alvina akasema. "Sina haraka."

Siku hiyo posta ilikuwa imeleta cheti cha kifo. Alvina alikuwa hajakifungua. Wakakisoma wote watatu, vichwa vikikaribiana. Kwenye mstari wa namna ya kifo daktari alikuwa ameandika kwa herufi safi: Kuuawa na mtu.

Alvina akavaa koti, wakaenda wote watatu hadi ofisi ya kumbukumbu ya kaunti. Karani alikuwa mwanamke mwenye sweta la manjano, anakula tufaha. Alikitazama cheti.

"Ndivyo tunavyoandika kwa hawa, mama. Si ajali, si ugonjwa, na hakujiua. Fomu haina kisanduku kingine."

"Basi kama ameuawa na mtu, nani atakamatwa?"

"Kwa hili?" Karani akaweka tufaha chini. "Hakuna, mama."

Lucius akainamia kaunta, akaweka kidole kwenye cheti. "Na hapa mmekosea," akasema. "Tabb ina b mbili. Mmeniwekea moja."

Karani akavaa miwani, akasogeza karatasi karibu. "Kweli kabisa. Aisee, samahani. Anayeomba masahihisho lazima afike mwenyewe."

"Nimefika."

"Una kitambulisho?"

Lucius akaonyesha ukanda wa plastiki wa gereza mkononi, wenye namba. Karani akalinganisha namba na cheti, akaridhika, akampa fomu ya kurasa mbili na kalamu. Lucius aliijaza polepole kwa herufi kubwa, Marlys akiwa amesimama mbali kidogo asije akailowesha. Karani akagonga muhuri, akasema itachukua wiki sita.

Ilichukua wiki tano. Bahasha ilikuwa nene, yenye nembo ya jimbo iliyochapwa kwa rangi ya dhahabu. Ndani mlikuwa na cheti kipya na barua iliyotiwa sahihi na mkuu wa idara kwa mkono wake mwenyewe. Alvina akamsomea Lucius kwa sauti: Jimbo limepitia kumbukumbu zake kwa makini na kubaini kwamba ulitendewa kosa. Jimbo linasikitika sana na linakuomba radhi. Kosa katika herufi ya mwisho ya jina lako limesahihishwa.

"Soma tena," Lucius akasema.

Alvina akasoma tena.